Kisangani: Bata wa pori anaomba meta 50 tu

Bata wa pori akifika sokoni Kisangani amefungwa miguu, kila mutu analaumu muwindaji. Muwindaji ana kosa lake, sikatai. Lakini mimi ninalaumu kwanza shoka.

Bata ninayemusemea si yule wa nyumbani anayezunguka katika parcelle zetu za Mangobo na Kabondo. Ni yule mwenye mwili wa kahawia, kichwa cheusi na rangi ya buluu kwenye bawa, inayoonekana hasa akiruka. Wazungu walimupa jina la Hartlaub, daktari wa Ujerumani aliyechunguza ndege. Anaishi katika pori za mvua, toka Afrika ya Magharibi mpaka huku kwetu, na anapenda vijito vyenye kivuli. Mara nyingi utaona dume na jike wamesimama pamoja juu ya tawi lililolalia maji. Wanakula konokono wadogo, wadudu wa maji na mbegu.

Hata wataalamu wameona viota vyake mara chache sana. Wanafikiri anataga katika matundu ya miti mikubwa. Muti wa namna hiyo haukomai kwa miaka kumi, na ndio huo huo mutu wa makala anatafuta, sababu muti mumoja unajaza tanuru nzima.

Tena kuna wakati bata anaangusha manyoya yote makubwa ya mabawa mara moja. Kwa majuma kadhaa hawezi kuruka. Kimbilio lake ni majani na mizizi ya kando ya maji. Ukisafisha kando hiyo, hata mutoto mwenye fimbo atamukamata, bila bunduki.

Sheria iko. Code forestier ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002 inakataza kukata pori ndani ya meta 50 kila upande wa muto, na meta 100 kuzunguka chemchemi. Sasa pita njia ya Buta ao ile ya Ubundu, simama kwenye daraja la kijito, angalia: mihogo inashuka mpaka kwenye maji.

Najua jibu: watoto watakula nini? Muji wetu uko na bwawa la umeme kwenye muto Tshopo, lakini mama wengi bado wanapika na makala. Simuombi mutu aache kupika wala kulima. Meta 50 si pori yote. Na faida si ya bata peke yake: wakati maji yanapanda, samaki wengi wanaingia kula na kuzaa chini ya miti hiyo. Wavuvi wa Wagenya wanajua.

Chef wa kijiji ndiye anaonyesha mutu mahali pa kulima. Siku hiyo ahesabu hatua 70 toka majini, ndipo aseme "anzia hapa". Wale wanaolipisha taksi kila gunia la makala kwenye barrière wauliize pia limetoka wapi. Na Chuo Kikuu cha Kisangani kiko na Centre de Surveillance de la Biodiversité na wanafunzi wenye macho mazuri. Wapewe mutumbwi na mafuta, wahesabu bata kwenye vijito vile vile kila mwaka, ili siku nyingine tubishane na hesabu mkononi.