Usitupe hicho kinanda bubu

Kinanda changu nilikinunua Malindi kwa jamaa aliyekuwa karibu kukitupa. Spika zimekufa, kwake yeye hicho ni chuma chakavu. Mimi niliona tundu la mviringo kwa nyuma, vishimo 5, limeandikwa MIDI. Nilikuwa nimeshaacha chuo, karo hakuna, muda ninao tele. Nikatafuta waya.

Sasa sikizeni. Waya huo haupitishi sauti kabisa. Unapitisha habari: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, na kikiachiliwa pia unasema. Kubonyeza noti moja ni baiti 3 tu, biti zinapita moja moja kama watu kwenye foleni ya feri, ila hizi ni 31,250 kwa sekunde. Sauti yenyewe inatengenezwa na laptopu huko mwisho wa waya. Ndiyo maana changu, bubu hivyo hivyo, kinapiga.

Lugha hiyo ni ya 1983. Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi walikuwa na kampuni zinazoshindana, lakini walitaka vyombo vya kila kampuni vielewane, na hawakumtoza mtu leseni. Mnaokumbuka enzi kila simu ilikuwa na tundu lake la chaja mnajua hilo si jambo dogo.

Kwa hivyo mtu akikwambia huwezi kuanza muziki Kilifi bila mashine mpya, anakuuzia mashine.

Kinachoniuma zaidi ni midundo. Vinanda vingi vinakuja na samba na bosanova tayari ndani. Harusini mpigaji anabonyeza samba, tunaambiwa hiyo ndiyo chakacha. Mwanzele ya Wagiriama nayo? Sijaikuta kwenye kinanda chochote nilichogusa. Na faili ya MIDI ni nyepesi, wimbo mzima haufikii uzito wa picha moja ya simu. Mjuzi wa ngoma akigonga kwenye vitufe, kila pigo linabaki na mahali pake, unaweza kupunguza mwendo ukajifunza.

Najua mtasema ngoma haiingii kwenye namba. Ni kweli, nguvu ya pigo ina ngazi 127 tu, na mlio wa ngozi haumo. Bado ni afadhali kuliko samba.

Nimeanza na chakacha. Mzee mmoja jirani alisikiza jaribio la kwanza, akacheka, akasema nachelewa pigo la tatu. Jioni hii narudi kwake na laptopu.