Tuache Kumwita Mirambo Napoleon

Jamani, hii sifa ya "Napoleon wa Afrika" tuliiazima kwa Stanley, mzungu aliyepigana na Mirambo mwaka 1871 akiwa upande wa Waarabu wa Tabora, kisha mwaka 1876 wakachanjiana damu. Kila makala ninayosoma kuhusu Urambo inairudia, halafu inahamia kwa rugaruga: vijana wepesi, mashujaa, hawaogopi kufa. Swali dogo tu haliulizwi. Walilipwa nini?

Walilipwa nyara. Ng'ombe, nguo, mateka. Askari anayeishi kwa nyara hawezi kupenda amani, maana amani kwake ni njaa. Na utii wake ni kwa mtu, si kwa nchi. Mirambo alikufa Desemba 1884, na haikuchukua miaka mingi dola yake ikasambaratika. Mjerumani alipokuja, naye aliwakodi rugaruga kuwapiga Waafrika wenzao kwenye vita vya Majimaji. Kibarua kilekile, bosi mpya.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, twende Tabora, Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi, siku moja tu baada ya wenzao wa Colito, Dar es Salaam. Hawa walikuwa na magwanda, gwaride na buti za kung'aa. Walichodai ni mshahara wa maana na maofisa Waafrika. Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wa nchi iliyokwisha kujitawala. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ.

Kwa hiyo weledi wa askari hautokani na ushujaa, wala gwaride peke yake. Ni mshahara unaofika kwa wakati, cheo kinachopatikana kwa mafunzo na kazi, na kiapo kisicho na jina la mtu ndani yake. Mambo haya hayana utamu wa utenzi, ndiyo maana waandishi tunayakwepa. Mkuki tunaupenda, karani wa mishahara hatumtaki hata kwenye ukurasa mmoja.

Anayetaka kuandika riwaya ya Urambo na aanze na kijana wa rugaruga asubuhi baada ya mtemi kufa: bunduki anayo, wa kumlisha hana. Vuka Ziwa Tanganyika, ingia Kongo ya mashariki, utamkuta yupo hadi leo.