Picha Moja Haitoshi

"Mficha maradhi, kifo humuumbua." Methali hii hutupiwa wanawake wetu wa Msimbati na Madimba kila mmoja wao anapofariki kwa saratani ya matiti. Mimi naikataa. Mdogo wangu hakuficha. Alikuwa na miaka 46 aliponiambia, "Kaka, nimeshika uvimbe hapa." Tulisafiri hadi hospitali moja ya mjini, akapigwa eksirei ya matiti. Jibu likawa: picha ni safi, nendeni nyumbani. Tukarudi tukimshukuru Mungu. Baada ya miezi minane altrasaundi ilionyesha uvimbe uleule alioushika kwa mkono wake. Tulikuwa tumechelewa.

Sikusomea udaktari, nilifundisha walimu chuoni. Lakini jambo lenyewe halina ugumu. Katika eksirei, titi lenye nyama nzito huonekana jeupe, na saratani nayo ni nyeupe. Ni kama maandishi ya chaki kwenye ukuta wa chokaa. Altrasaundi, kwa mawimbi ya sauti, hutofautisha kifuko cha maji na uvimbe mgumu. Nayo ina upofu wake: vichembe vya chokaa ndani ya titi, ambavyo huweza kuwa dalili ya mapema, eksirei huviona vizuri zaidi. Basi vitumike vyote viwili.

Wajapani walilipima jambo hili kwa wanawake zaidi ya 72,000 wa miaka 40 hadi 49, wasio na dalili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: eksirei peke yake iligundua saratani 77 katika kila 100, ikisaidiwa na altrasaundi, 91. Sembuse kwa aliyekwisha kushika uvimbe?

Nitaambiwa vipimo viwili huongeza hofu za bure. Kweli, Wajapani nao waliliona hilo. Lakini hofu ya bure huondolewa kwa sindano ya kuchukua kinyama kikapimwe. Faraja ya bure humfikisha mtu kaburini.

Nitaambiwa hakuna fedha. Gesi ya Msimbati ilijengewa bomba hadi Dar es Salaam, likakamilika mwaka 2015. Na altrasaundi si mgeni hospitalini. Kila siku huwatazama watoto matumboni mwa mama zao. Inahitaji kichwa chake cha kupimia matiti na mtu aliyefundishwa kukitumia. Kufundisha watu nakujua: hakuhitaji bomba.

Mwanamke akisema ameshika uvimbe, asirudishwe nyumbani kwa picha moja.