Miwani ya Ajabu Isiwe Pazia

Mwezi wa Januari 1974, Televisheni Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika kusini ya Sahara, si kila nyumba iliyokuwa na seti. Seti za umma ziliwekwa mjini na mashamba, na wananchi wakawa wanakusanyika jioni mbele ya kioo kimoja. Lililomchekesha mmoja liliwachekesha wote, na asiyefahamu jambo alimwuliza jirani yake papo hapo.

Tunaikumbusha habari hiyo kwa sababu leo kimekuja kioo kingine, ambacho hakitazamwi kwa mbali bali huvaliwa usoni. Wataalamu wanakiita miwani ya uhalisia mseto. Mvaaji huendelea kukiona chumba alichomo, na ndani ya chumba hicho huonyeshwa kitu kisichokuwapo, naye akaweza kukizunguka na kukichungulia kana kwamba kipo.

Faida yake kwa visiwa vyetu yaweza kuwa kubwa. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Watoto waliozaliwa baada ya siku hiyo hawakupata kuliona kama tulivyoliona sisi. Kwa miwani hii, wanafunzi wa Micheweni au Makunduchi wangeweza kusimama mbele ya nguzo zake bila ya kutoka skuli.

Basi sisi hatuikatai. Tunalolisema ni kwamba miwani hii kwa kawaida hutengenezwa imstareheshe mtu mmoja, na sisi tutaihitaji kwa ajili ya wengi. Tofauti hiyo haina budi kuzingatiwa kabla ya fedha za umma kutumika.

Tuanze na uzito. Meta Quest 3 iliyotolewa mwaka 2023 ina gramu 515. Apple Vision Pro ya mwaka 2024, ambayo bei yake Marekani ilianzia dola 3,499, ilikuwa na gramu 600 hadi 650. Uzito huo haumsumbui mtu akiushika mkononi, lakini ukining'inia mbele ya uso huibana pua na kuichosha shingo. Mkanda unaopita juu ya utosi na kuugawa uzito nyuma ya kichwa si pambo, ni sharti.

Yafuata macho. Umbali baina ya mboni mbili za mtu mzima ni takriban milimita 63 kwa wastani, lakini hakuna aliyeumbwa kwa wastani. Lenzi zisipolingana na macho ya mvaaji, picha huwa na ukungu na kichwa huanza kuuma. Tena macho hujielekeza kwenye kitu kinachoonekana kipo karibu, ilhali lenzi za miwani zimeiweka nuru yake kwenye umbali usiobadilika. Mvutano huo huyachosha macho hata ya mtu mwenye afya. Mwenye miwani yake ya kusomea huenda asiweze kuivaa ndani ya kifaa. Kwa Vision Pro hutakiwa lenzi za pekee zinazonunuliwa mbali. Kuhusu watoto, watengenezaji wenyewe wameweka mipaka: Apple miaka 13, na Meta miaka 10 kwa idhini ya mzazi. Skuli zetu za msingi hazina ruhusa ya kuipuuza mipaka hiyo.

Kisha kuna usafi. Kifaa kimoja kikipita katika nyuso arubaini kwa asubuhi moja, na katika joto letu, jasho la wa kwanza humfikia wa mwisho. Mwezi wa Januari 2024 maradhi ya macho mekundu yalienea Dar es Salaam, na hakuna asiyejua jinsi yanavyoambukizwa. Sifongo inayonyonya jasho haifai kwa matumizi ya umma. Patakiwe kingo zinazofutika, vifuniko vya kubadilishwa kwa kila mtu, na mtumishi mwenye kazi hiyo.

Na kuna stara. Mwanamke aliyejitanda mtandio asilazimishwe kuchagua baina ya heshima yake na kuiona historia ya nchi yake. Mikanda iweze kufungwa juu ya mtandio na juu ya kofia, na awepo mtumishi wa kike wa kumsaidia mwanamke kuivaa.

Hata hayo yote yakitimia, litabaki jambo kubwa kuliko yote: kutazama pamoja. Miwani za kundi moja zisipounganishwa, mwalimu ataonyesha mlango na mwanafunzi ataona ukuta. Ni lazima jengo lisimame mahali pamoja kwa wote, sauti isiyazibe masikio, na pawepo kioo cha ukutani kinachoonyesha anachokiona mvaaji, ili anayengoja zamu, mzee anayeshikwa na kizunguzungu, na asiyependa kuvaa chochote usoni nao wawe washiriki.

Kwa hiyo tunawashauri wahusika wa elimu, makumbusho na utalii, endapo wataletewa vifaa hivi, wasitosheke na maonyesho ya ofisini, ambako afisa mmoja huvaa kwa dakika mbili akatoka akisifu. Vipelekwe Pemba na Unguja, vikavaliwe na bibi, mvuvi, mwalimu na mwanafunzi, kwa nusu saa nzima, kisha waulizwe. Watakaposema kinaumiza, kirudishwe kwa muuzaji bila ya kuoneana haya.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Itakuwa hasara iliyoje tukilinunua pazia hilo sisi wenyewe, kwa fedha zetu, na kulivaa kila mtu peke yake.