Jibu Lililochapwa Silo Mwisho wa Swali

Wako wanafunzi wenzetu wasemao kwamba mchezo wa sataranji, ambao wengi tunauita chesi, ni kupoteza wakati tu, na kwamba meza zetu za Jumamosi afadhali wapewe wanaojiandaa kwa mtihani. Mimi nasema kwamba aliyelielewa vema fumbo moja tu la mchezo huo amejifunza jambo asiloweza kulipata katika vitabu vya majibu ya mitihani iliyopita. Fumbo lenyewe ni hili, na msomaji mwenye ubao aweza kulipanga sasa hivi.

Mweupe ana mfalme katika b6 na askari mmoja katika c6. Mweusi ana mfalme katika a1 na ngome katika d5. Kete ni nne tu, na zamu ni ya Mweupe.

Askari anakwenda c7. Imebaki hatua moja apandishwe cheo. Ngome inamtishia mfalme kutoka d6. Mfalme akienda b7, ngome huja d7, na askari hawezi kusogea bila kumwacha mfalme wake wazi. Akienda c5, ngome hushuka d1. Malkia akipatikana c8, ngome humtishia mfalme kutoka c1, naye akiondoka tu, malkia aliye nyuma yake huliwa. Basi mfalme hana budi kushuka kama ashukaye ngazi: b5, b4, b3, na ngome ikimfuata d5, d4, d3. Mwisho anaingia c2, na ngome haina tena mahali pa kumtishia isiliwe.

Hapo ndipo Mweusi aletapo mshangao. Anaiweka ngome d4. Mweupe akifurahi na kuchukua malkia, ngome inajitoa kafara c4. Malkia hana budi kuila, maana mfalme akikimbia, malkia ndiye ataliwa. Lakini akiila, mfalme mweusi hatishiwi na kete yoyote, na papo hapo hana hata chumba kimoja cha kukanyaga. Kwa sheria ya mchezo, hiyo ni sare.

Kafara hiyo ndiyo iliyochapwa kuwa jibu. Mwezi wa Mei mwaka 1895, Bwana Georges Barbier, aliyekuwa akiandika habari za sataranji katika gazeti la Glasgow Weekly Citizen huko Uskochi, alitoa fumbo hili akiwataka wasomaji waonyeshe jinsi Mweusi apatavyo sare. Yeye alikuwa fundi wa kazi hiyo, na jibu lake lilipendeza. Nani angeongeza neno?

Aliyeongeza ni Padre Fernando Saavedra, Mhispania aliyekaa Glasgow, ambaye hakuwa na sifa ya ubingwa. Alisema: askari afikapo c8 asichukue malkia, achukue ngome. Ngome ina nguvu chache kuliko malkia, na kwa sababu hiyo hasa haimnyimi mfalme mweusi nafasi yote. Ile hila ya sare imekufa. Tena ngome mpya inatishia kwenda a8 na kumaliza mchezo. Mweusi akiikinga kwa ngome yake a4, mfalme mweupe anakwenda b3: anaishambulia ngome hiyo, na wakati uo huo anaifungulia ngome yake njia ya kumaliza mchezo c1. Mambo mawili hayazuiliki kwa hatua moja. Mweupe ameshinda.

Hapa nawaomba wasomaji waangalie watu wawili. Padre hakupiga kelele kwamba mwandishi hajui kitu. Alileta hatua, na hatua yenyewe ikasema. Naye Bwana Barbier hakuuficha ukweli ili kuilinda heshima yake; aliuchapa katika gazeti lile lile, na mpaka leo fumbo hili lajulikana duniani kwa jina la Saavedra. Sisi tumelelewa kwamba kijana hambishii mzee, na malezi hayo ni mema. Lakini kuleta ushahidi kwa adabu si kubisha. Na mzee akubaliye ushahidi hapungukiwi na kitu.

Muhula uliopita fumbo hili lilitundikwa katika ubao wa matangazo wa shule yetu hapa Jinja. Kabla ya chakula cha mchana jibu lilikwisha kuonekana katika kompyuta ya maktaba, nalo likanakiliwa katika madaftari. Wenzetu wa shule moja ya Mbale walipewa fumbo hilo hilo, na mwalimu wao akawanyima jibu kwa juma zima. Tulipokwenda kucheza nao, kijana wao wa Senior Two aliwauliza wachezaji wetu wawili: "Na ngome nyeusi ikijitoa kafara c4 hata hivyo?" Wote wawili walikuwa na jibu la fumbo kwa moyo, lakini wakanyamaza. Kijana yule akaonyesha mwenyewe: ngome nyeupe inaila, mfalme mweusi sasa ana nafasi a2, anakwenda huko, na ngome inakwenda a4. Mchezo umekwisha.

Watu watasema kwamba mtihani haungoji juma zima. Ni kweli. Lakini wadogo zetu wa Senior Four tangu mwaka 2024 wanafanya mtihani wa mtaala mpya, ambao unataka mwanafunzi atumie akili katika jambo asilolikariri. Swali likigeuzwa kidogo tu, aliyenakili atakwama. Wala mtu asiseme kwamba mchezo huu si wa kwetu. Mashindano ya sataranji ya shule za sekondari za Uganda yalipewa jina la Padre Damian Grimes, aliyekuwa mkuu wa Namasagali College hapa Busoga kwa miaka mingi. Na Phiona Mutesi aliujifunza katika mtaa wa Katwe, Kampala, akafika kuiwakilisha nchi yetu katika Olimpiadi ya sataranji.

Kwa hiyo natoa shauri. Meza za Jumamosi zibaki. Kila Jumatatu fumbo moja litundikwe, na jibu lisitolewe mpaka Jumatatu ifuatayo. Aletaye jibu alete na sababu zake; asiye na sababu ahesabiwe kwamba hajajibu. Na atakayeonyesha kosa katika jibu lililochapwa, hata akiwa wa Senior One, jina lake litiwe katika gazeti hili. Wanafunzi wa zamani mlioko Jinja, Mbale na kwingineko, tuna mbao nne tu, na mmoja umepoteza farasi wawili. Mkitukumbuka tutashukuru.