Jiografia si somo la walioshindwa

Mzazi akisikia mwanawe kapangiwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, mtaa mzima unajua siku hiyohiyo. Akisikia HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, anashusha sauti. Swali linalofuata nimelisikia mno, kwenye vikao vya wazazi na hata ndani ya ofisi za walimu: "Kwani sayansi imemshinda?" Mwenye huruma ataongeza kwamba si neno, Jiografia yenyewe ni ya kukariri tu, atafaulu.

Nimefundisha somo hili kidato cha tano na cha sita, na nasema wazi kwamba imani hiyo ni ya uongo na inatuumiza.

Tuanze na herufi zenyewe. G, herufi ya Jiografia, imo kwenye HGL, HGK na HGE, ni kweli. Lakini imo pia kwenye EGM, CBG na PGM. Kama Jiografia ni kimbilio la wasiojua hesabu, nani aliiweka katikati ya Fizikia na Hisabati?

Njoo darasani uone. Mezani ipo ramani ya skeli ya 1:50,000. Mwanafunzi amelaza uzi juu ya barabara inayopindapinda, anaufuatisha kona kwa kona kwa ncha ya kidole, kisha anaunyoosha kwenye rula. Kila sentimita mbili ni kilomita moja ardhini. Akimaliza barabara anageukia mlima. Kontua zimeachana kwa mita 20, na ndani ya sentimita moja anahesabu nafasi kumi. Maana yake ni kupanda mita 200 kwa kusogea mita 500 tu, yaani mteremko wa moja kwa mbili na nusu. Bado hajamaliza. Pale kontua zinapojikunja kama V, ncha ikielekea mlimani, pana bonde, na mvua ikinyesha maji yatashukia hapo. Sasa mwambie akuoneshe mahali pa kujenga shule. Nimewaona vijana waliozoea kuongoza darasa kwa kukesha na madesa wakiinamia ramani ile kimya, na yule aliyekua akichunga mbuzi milimani akaweka kidole panapostahili, kisha akaeleza kwa nini. Jibu lake halikuwamo kwenye daftari la mtu yeyote.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji ya mvua, ikameguka, ikafuata njia ya mto mpaka kwenye makazi. Siwalaumu waliofiwa hata kidogo. Ninachosema ni kwamba miamba inayolainika kwa maji, mteremko mkali na bonde lenye watu chini yake ni mada za kidato cha tano. Tunazifundisha kama orodha ya sababu za maporomoko, mwanafunzi anaandika sita, anapata alama zake, na hakuna aliyemwambia atazame mlima unaoonekana dirishani.

Dar es Salaam nako hali ni ileile. Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Jangwani, unaingia baharini karibu na Daraja la Salender. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa Jangwani, ndani ya bonde lilelile walikotolewa watu, na mvua kubwa zilipokuja maji yaliingia mpaka yalikokuwa mabasi. Bonde hilo halikujificha. Limechorwa kwenye ramani tangu zamani.

Najua nitajibiwa kwamba mitihani yenyewe inadai kukariri. Kwa kiasi fulani ni kweli, na hapo lawama ni yetu walimu. Shule ya kwanza niliyofundisha ilikuwa na bunda zima la ramani kabatini, na kwa miaka mingi lilikuwa halijafunguliwa. Safari ya kwenda kuona korongo lililokuwa nusu saa kwa miguu ilinyimwa ruhusa kwa sababu "tutachelewa kumaliza silabasi". Lakini kufundisha somo vibaya hakulifanyi kuwa somo dogo. Biolojia nayo inakaririwa, tena sana, na sijamsikia mzazi akiona haya kwa ajili yake.

Halafu kuna lile la "atakula nini?" Upimaji wa ardhi, mipango miji, hali ya hewa, rasilimali za maji: kote huko Jiografia ina kazi. Mwaka 2015 ulipoanza mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba za maeneo yanayofurika, kama Tandale. Kabla yao, mitaa mingi ya namna hiyo haikuwa na ramani yenye maelezo ya kutosha. Kazi ile ilidai vijana wanaoweza kusimama mtaani, wakatazama mtaro, wakajua maji yake yanaelekea wapi.

Mzazi, mwanao akichagua tahasusi yenye G, usimuulize ameshindwa nini. Na ninyi walimu wenzangu, zile ramani zimo kabatini. Zitoeni kabla muhula huu haujaisha, muwapeleke watoto nje nazo.