Sahihi ya Mhasibu Kijana

Kijana ahitimuye shahada ya uhasibu pale Mlimani hujua kutengeneza urari na mizania. Lakini aripotipo kazini katika halmashauri, hakabidhiwi mizania. Hukabidhiwa rundo la hati za malipo, na nyingine hazina stakabadhi. Mkuu wake anasafiri jioni ile ile, anataka masurufu, ilhali ya safari iliyopita hajayafanyia marejesho. Je, kijana atie sahihi?

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, humtaka hata mwenye shahada afanye mitihani yake kabla ya kumpa CPA. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni usumbufu. Siafikiani nao hata kidogo. Hata hivyo, Bodi haiwezi kukaa naye mezani. Anayekaa naye ni mhasibu mkongwe, na huyo, ndugu wasomaji, mara nyingi humnong'oneza: “Tia tu, sote tulitia.” Mkaguzi ajapo, jina analolikuta chini ya hati ni la kijana.

Basi yeyote aagizaye malipo ya namna hiyo na aagize kwa maandishi, na nakala ibaki kwa kijana.